Meseji, simu ya sauti, tovuti, app au chatiboti: uchague ipi kuwapa wagonjwa taarifa za afya?

Kikao cha kwanza cha mradi wa taarifa za afya mara nyingi huisha kwa neno moja: app. Fedha ni kidogo, hamu ya kuwafikia wagonjwa ni kubwa, na app ndiyo inayoonekana. Ina nembo, ina rangi, na mfadhili anaweza kuonyeshwa papo hapo kwenye simu ya mkononi. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye kikao hicho kabla mkataba haujatiwa saini. Mkataba ukishasainiwa ni vigumu kurudi nyuma, na anayebeba gharama ya uchaguzi mbaya ni mgonjwa.

Ziko njia saba ambazo mradi wa kawaida unaweza kuzichagua. Zinatofautiana kwa bei, kwa aina ya simu inayohitajika na kwa kiasi cha maneno zinachobeba, na hayo nitayagusa. Lakini kuna swali moja ninaloliweka mbele ya yote: mgonjwa akijibu "nina shida", jibu lake linamfikia nani, na baada ya muda gani? Njia isiyo na jibu kwa swali hilo ni bango tu, hata kama imejengwa kwa ustadi. Bango nalo lina kazi yake, ila tusilichanganye na huduma.

| Njia | Mtumiaji anahitaji nini | Inafaa hasa kwa | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| SMS | Simu yoyote | Kukumbusha, kuulizia hali, kufuatilia | Maelezo marefu. Simu inayoshikwa na watu wengi |
| USSD (menyu ya nyota na reli) | Simu yoyote, bila bando | Kusajili, maswali mafupi | Haiachi kumbukumbu. Ikikatika unaanza upya |
| Sauti iliyorekodiwa | Simu yoyote, mahali patulivu | Wasiosoma, wasioona, wanaosoma kwa shida | Huwezi kurukia unachotaka |
| Tovuti | Intaneti na uwezo wa kusoma | Anayetafuta mwenyewe. Mada pana | Haimfuati aliyekaa kimya |
| App | Simujanja, nafasi, masasisho | Ugonjwa wa kudumu unaohitaji kurekodiwa kila siku | Wengi huiacha |
| Chatiboti (programu ya kujibizana kwa meseji) | Simujanja na bando | Maswali mengi yanayojirudia | Inapokosea, hukosea kwa kujiamini |
| Akaunti ya mgonjwa | Intaneti na utambulisho wa uhakika | Majibu ya vipimo na rekodi zake mwenyewe | Lugha ya kitabibu. Usalama wa rekodi |

SMS: ndogo, lakini ndiyo yenye ushahidi wa kuaminika

Naanza na meseji kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi kwenye vikao, ilhali imepimwa vizuri.

Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika kwenye kliniki 3 nchini Kenya kwa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za ARV. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili, pamoja na huduma hiyo, lilitumiwa meseji moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "sawa" au "shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza naye alipigiwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliokuwa wakitumiwa meseji walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Waliopimwa na kukutwa virusi vimefubaa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazama jinsi ujumbe ule ulivyopangwa. Haukuwa na taarifa yoyote ya afya ndani yake. Haukutaja dawa wala virusi wala kliniki, hivyo hata ukisomwa na mtu mwingine mwenye simu mkononi haumfichui mgonjwa. Na kazi kubwa ilifanyika upande wa pili, pale mhudumu alipofungua orodha ya waliosema shida na kuanza kupiga simu.

Linganisha na jaribio la Yaoundé, Kameruni, lililochapishwa 2012. Watu 200 wanaotumia ARV waligawanywa, nusu yao wakapokea meseji ya kila wiki ya kuwatia moyo, ikiwa na namba ya kupiga endapo wangehitaji msaada. Baada ya miezi 6 hapakuonekana tofauti kati ya makundi. Jaribio lilikuwa dogo, na nchi mbili zina tofauti nyingi, kwa hiyo sitasema kwamba sababu ni moja tu. Hata hivyo, Yaoundé mzigo wa kuanzisha mazungumzo ulikuwa kwa mgonjwa; Kenya ulikuwa kwa kliniki. Kwa mbuni wa huduma, hilo ndilo la kuangalia kwanza.

Jaribio lingine la Kenya, la 2011, lilijibu swali ambalo timu nyingi hubishana juu yake: tutume mara ngapi? Wagonjwa 431 waligawanywa, wengine wakitumiwa meseji kila siku, wengine kila wiki, fupi au ndefu. Waliotumiwa kila wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dozi zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa kitu. Waliotumiwa kila siku hawakufanya vizuri kuliko wasiotumiwa. Kurefusha meseji kwa maneno ya kutia moyo nako hakukuongeza kitu. Ukimbisha hodi mtu kila asubuhi, ataacha kufungua mlango.

Mambo mawili ya kiufundi yanayogharimu fedha kimyakimya. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukiingiza alama moja isiyo kwenye orodha ya msingi ya mitandao ya simu, kama emoji, kikomo kinashuka hadi 70 na ujumbe unakatwa vipande, kila kimoja kikilipiwa. Sisi tunaoandika Kiswahili tunanaswa na ritifaa. Andika "kung'atwa" kwenye programu ya kuandikia nyaraka, ritifaa itajipinda yenyewe, na ile iliyopinda haimo kwenye orodha. Ushauri wa kunawa jeraha la kung'atwa na mbwa unaweza kulipiwa mara mbili kwa sababu ya alama hiyo moja, kwa kila mtu unayemtumia.

La pili ni namba. Mtu akiacha laini yake, kampuni ya simu huigawa kwa mwingine baada ya muda, na meseji za matibabu huanza kumfikia mgeni. Kila baada ya kipindi fulani uliza tena: bado ni wewe?

Kuna jambo la tatu ambalo si la kiufundi, na ndilo linalonigusa zaidi. Huduma za wajawazito hutuma ujumbe kwa kufuata wiki za mimba. Mimba ikiharibika, mfumo usiojua utaendelea kumwambia mama kwamba mtoto wake sasa anaanza kusikia sauti. MomConnect, huduma ya kitaifa ya Afrika Kusini iliyoanzishwa Agosti 2014, iliweka njia ya kujitoa inayouliza sababu, na kwa aliyepoteza mtoto ikaweka uwezekano wa kupokea ujumbe wa pole na msaada. Mradi wowote wa uzazi usio na mlango huo haujakamilika. Mlango wenyewe uwe rahisi: neno moja, bila gharama, bila kumlazimisha mama kueleza.

USSD, kwa ufupi

Ile menyu ya nyota na reli hufanya kazi kwenye simu yoyote, haihitaji bando, na haibaki kwenye kisanduku cha ujumbe. Hilo la mwisho ni faida kwa anayeuliza kuhusu uzazi wa mpango au magonjwa ya zinaa kwenye simu ya familia, na ni hasara kwa anayetaka kusoma tena kipimo cha dawa kesho yake. Skrini moja hubeba herufi 182 hivi, na mtumiaji akichelewa kujibu kikao hukatika. Itumie kusajili watu, kama MomConnect ilivyofanya, au kwa maswali ya hatua mbili tatu. Usijaribu kufundisha ugonjwa mzima humo.

Sauti: njia ya wale ambao maandishi yanawaacha nje

Wapo wasiosoma. Wapo wanaosoma lakini macho yamechoka, na wapo wanaosoma lugha moja na kuongea nyingine nyumbani. Kwao sauti ndiyo mlango.

Mfano mkubwa ni Kilkari ya India, iliyoanzia Bihar kisha ikatanuka kitaifa kuanzia 2016. Familia hupigiwa simu mara moja kwa wiki, jumla ya simu 72, kuanzia miezi ya kati ya ujauzito hadi mtoto anapotimiza mwaka. Anayezungumza ni daktari wa kubuni anayeitwa Dr Anita, sauti ileile kila wiki. Huo ni uamuzi wa ubunifu wenye busara, kwa maana mtu huizoea sauti na kuiamini kuliko anavyouamini mfumo. Huduma hiyo ilipopimwa kwa jaribio katika jimbo la Madhya Pradesh, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kidogo, lakini unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee haukubadilika. Natamani kila mfadhili aone matokeo ya namna hii. Kusikia ushauri ni hatua moja. Mama anayeambiwa na mkwe ampe mtoto maji, na aliye na kazi ya kurudia baada ya wiki chache, anahitaji zaidi ya sauti nzuri.

Kwa upangaji wa menyu za sauti, kanuni ni ya kusikia: taja jambo kwanza, kitufe baadaye. "Kwa homa ya mtoto, bonyeza 2" hueleweka. "Bonyeza 2 kwa homa ya mtoto" humfanya msikilizaji asahau namba kabla hajajua kama inamhusu. Chaguo zisizidi nne hivi kwa wakati mmoja. Kitufe cha kurudia kiwepo siku zote, kipimo cha dawa kitamkwe mara mbili, na kuwe na kitufe kimoja cha kuongea na mtu. Kama mtu huyo hayupo usiku, sauti iseme hivyo mwanzoni kabisa, pamoja na mahali pa kwenda dharura ikitokea.

Uangalifu mmoja: simu ya sauti huita chumba kizima. Mpigiwa asikie kwanza salamu isiyotaja ugonjwa, kisha athibitishe kwamba ni yeye kabla ya kitu chochote cha siri.

Tovuti: inamfaa anayetafuta, tena saa ya wasiwasi

Mtu anayefungua tovuti ya afya kwa kawaida tayari ana swali, na mara nyingi ana hofu. Amepewa jina la ugonjwa asubuhi, sasa ni usiku. Hapo tovuti inaishinda meseji waziwazi, kwa kuwa ina nafasi ya kueleza, ya kuweka picha, ya kumwacha msomaji aende kwa mwendo wake na kumtumia ndugu kiungo. MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iko hewani tangu 1998, na imedumu kwa sababu ina taasisi nyuma yake inayopitia kurasa na kuzisahihisha.

Je, wasomaji huchunguza nani ameandika? Mwaka 2002 mtafiti Gunther Eysenbach na mwenzake walichapisha kwenye jarida la tiba la BMJ utafiti uliowatazama watu wakitafuta majibu ya afya mtandaoni. Walipoulizwa, watu walisema wanaangalia chanzo cha taarifa. Walipotazamwa, hakuna aliyefungua ukurasa wa "kuhusu sisi". Simu zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini funzo la ubunifu bado linasimama: jina la aliyeandika, taaluma yake na tarehe ya kupitiwa mara ya mwisho viwekwe juu ya makala yenyewe, msomaji avione bila kuvitafuta. Usitegemee nembo ya ubora kutoka nje pia. HONcode, iliyotolewa na taasisi ya Geneva tangu miaka ya 1990, ilikuwa alama inayojulikana kwenye tovuti za afya. Taasisi ilifunga shughuli zake 2022.

Faida kuu ya tovuti ni nafasi ya kueleza hatari kwa uaminifu. Oktoba 1995 mamlaka za Uingereza zilitangaza kwamba aina mpya za vidonge vya kuzuia mimba huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Ilikuwa kweli. Hatari ilikuwa imetoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Lakini kilichosikika ni "mara mbili". Wengi waliacha vidonge ghafla, na inakadiriwa kuwa mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Mimba yenyewe ina hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Kwa hiyo, kwenye njia yoyote utakayochagua, hatari iandikwe kwa idadi ya watu: wangapi kati ya wangapi, kabla na baada. "1 kati ya 7,000, sasa 2 kati ya 7,000" inatosha hata kwenye meseji, kwa hiyo ufupi hauwezi kuwa kisingizio. Tovuti ina nafasi ya kuongeza kile ambacho meseji haiwezi: mchoro wa watu, ulinganisho na hatari nyingine, na nini cha kufanya ukiwa na wasiwasi.

Lugha nayo. Taasisi za afya za Marekani hushauri maandishi ya mgonjwa yawe ya kiwango cha darasa la sita. Wataalamu wengine huona hilo ni kushusha hadhi ya kazi yao. Nadhani hawajawahi kumwona profesa aliyetoka kupewa jibu la saratani akijaribu kusoma. Hofu humpunguzia kila mtu uwezo wa kusoma. Sentensi fupi, jambo moja kwa aya, na kitendo kitangulie sababu.

Kwa macho, kiwango cha kimataifa cha ufikivu, WCAG, kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli isipungue 4.5 kwa 1, na ukurasa ubaki unatumika maandishi yakikuzwa hadi asilimia 200. Yale maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayopendwa na wabunifu vijana, humnyima taarifa mzee mwenye mtoto wa jicho. Huyo ni mgonjwa wetu wa kawaida, wala si mgeni wa pembeni.

Udhaifu wa tovuti ni kwamba inangoja. Aliyeacha dawa kimyakimya haifungui, na tovuti haitajua kamwe.

App: ichague ukiwa na sababu ya kila siku

Swali la kumuuliza anayetaka app ni moja. Mgonjwa atafanya nini humo Jumanne ya kawaida, asipokuwa na tatizo lolote? Kama jibu lipo, yaani anaandika sukari yake, shinikizo la damu, maumivu, siku za hedhi au mashambulizi ya kifafa, basi app ina maana. Hufanya kazi bila intaneti, hupokea vipimo kutoka kwenye kifaa, na huchora mwenendo ambao daktari anaweza kuutazama. Kama jibu ni "atasoma makala", tengeneza tovuti.

Eysenbach huyohuyo mwaka 2005 aliandika juu ya kile alichokiita sheria ya kupungua: katika huduma za afya za kidijitali, sehemu kubwa ya watumiaji huacha kabla ya mwisho, na hilo litarajiwe tangu mwanzo. Bajeti ya app isiyo na fungu la kufuatilia wanaoacha ni bajeti ya uzinduzi tu. Ongeza masasisho ya mifumo ya simu, matoleo mawili ya kutunza (Android na iPhone), na simu za bei nafuu zisizo na nafasi. Mtumiaji akijaza simu, app yako itafutwa kabla ya picha za watoto.

App pia hukusanya mengi, na ukusanyaji huo una historia. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na watengenezaji wa Flo, app ya kufuatilia hedhi, baada ya kuwatuhumu kwamba taarifa za watumiaji ziliwafikia Facebook, Google na wengine kupitia vipande vya programu vya uchambuzi, kinyume na ahadi ya faragha. Hapa ndipo timu ndogo hujikwaa bila nia mbaya, kwa kuwa kipande cha bure cha kuhesabu watumiaji kinaweza kupeleka nje habari kwamba fulani ni mjamzito. Mwulize mtengenezaji wako akuorodheshee kila kipande cha programu kutoka nje na kila anwani inayotumiwa data. Asipoweza, usizindue.

Chatiboti: tenganisha ya menyu na ile inayotunga

Neno moja linabeba vitu viwili vyenye hatari tofauti kabisa.

Ya kwanza hufuata menyu. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua Health Alert kwenye WhatsApp kuhusu korona: mtu anatuma salamu, anapata orodha yenye namba, anachagua, anasoma jibu lililoandikwa na kuhakikiwa. Hakuna kinachotungwa papo hapo. Kwa maswali yaleyale yanayoulizwa na maelfu, namna hii ni imara na rahisi kusahihisha. Fahamu tu kanuni za jukwaa. Kwenye WhatsApp, taasisi huweza kujibu kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mtumiaji. Zikipita, inaruhusiwa kutuma violezo vilivyoidhinishwa pekee. Mhudumu akichelewa hadi Jumatatu kumjibu aliyeandika Ijumaa, mlango umeshafungwa nusu. Na anayeweka kanuni ni mwenye jukwaa, anayeweza kuzibadilisha kesho.

Ya pili hutunga majibu yenyewe kwa akili unde. Inavutia, kwani huelewa swali lililoandikwa ovyo na kujibu kwa lugha laini. Ulaini huo ndio hatari yake, kwa kuwa jibu sahihi na jibu baya huja kwa sauti ileile. Mei 2023 NEDA, shirika la Marekani linalowasaidia wenye matatizo ya ulaji, liliiondoa chatiboti yake Tessa baada ya kuonekana ikitoa ushauri wa kupunguza uzito. Kwa mtu anayejinyima chakula hadi kuugua, ushauri huo ni sumu. Mtu mwingine angeuona wa kawaida, na ndiyo maana mfumo usiomjua aliye mbele yake unaweza kudhuru kwa maneno ambayo kwingine ni salama.

Vikagua dalili, yaani programu unazozitajia dalili zikakukisia ugonjwa na mahali pa kwenda, ni ndugu wa karibu. Mwaka 2015 BMJ lilichapisha upimaji wa vikagua dalili 23 kwa visa 45 vya mfano. Utambuzi sahihi ulitajwa kwanza katika asilimia 34 ya visa. Ushauri wa wapi pa kwenda ulifaa katika asilimia 57: ulikuwa mzuri zaidi kwa dharura, asilimia 80, na dhaifu kabisa kwa visa ambavyo mtu angeweza kujitunza nyumbani, asilimia 33. Mifumo ya leo si ile ya 2015, lakini mpangilio wa makosa hayo unafundisha. Ukiogopa kukosea, unampeleka kila mtu hospitali, na foleni unayoijaza ni ya wagonjwa walewale.

Ushauri wangu kwa sasa: anza na ya menyu. Ukitumia akili unde, itumie kutambua swali linahusu nini, kisha mtumiaji apewe jibu lililoandikwa na mtu. Dalili za hatari ziulizwe kwanza kabisa, kabla ya jina na umri. Mtu akiandika kwamba anataka kujiua, au damu haikatiki, mazungumzo ya mashine yaishe hapo na binadamu apokee. Asipokuwepo binadamu saa hizo, huduma isiahidi mazungumzo saa hizo.

Akaunti ya mgonjwa: rekodi yake, mikononi mwake

Hii inawahusu zaidi walio na hospitali yenye mfumo wa rekodi tayari. Mwaka 2010 hospitali na vituo vya sehemu 3 za Marekani vilianza jaribio la OpenNotes: madaktari 105 waliwaruhusu wagonjwa zaidi ya 13,000 kusoma maelezo wanayoyaandika baada ya kila hudhurio. Matokeo yalichapishwa 2012. Kati ya waliofungua maelezo hayo, asilimia 77 hadi 87, kutegemea mahali, walisema wanajihisi kuwa na usukani zaidi wa matibabu yao; waliosema yaliwatia wasiwasi, kuwachanganya au kuwaudhi walikuwa kati ya asilimia 1 na 8. Hofu ya madaktari kwamba wagonjwa "hawataelewa" ilikuwa kubwa kuliko ukweli.

Kwa hiyo nasimama upande wa kufungua rekodi. Pale penye jibu zito, kama la saratani, mwulize mgonjwa wakati kipimo kinachukuliwa: jibu likitoka usiku, unataka ulione mara moja au usubiri tuongee? Swali hilo hugharimu nusu dakika, na linamwachia uamuzi mwenyewe.

Lakini usifungue usichoweza kukilinda. Nchini Ufini, kumbukumbu za mazungumzo ya wateja wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo ziliibiwa, na mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walijikuta siri zao mikononi mwa mhalifu. Wengi walitumiwa barua pepe za kudai fedha wao binafsi. Nywila unaweza kuibadilisha. Ulichomwambia mtabibu wako huwezi.

Ukilazimika kuamua wiki hii

Kama lengo ni watu waendelee na dawa au wahudhurie kliniki, chukua SMS ya njia mbili, na fedha ambazo ungejengea app zimlipe mhudumu wa kupiga simu. Kama wengi wa unaowahudumia hawasomi, anza na sauti na usajili wa USSD. Maandishi yaje baadaye kwa watakaoyataka. Kama watu wanakutafuta kwa maswali ya magonjwa mengi, jenga tovuti nyepesi, na chatiboti ya menyu iwaongoze kwenye kurasa hizo. Ugonjwa wa kudumu wenye vipimo vya kila siku ndio unaostahili app, tena baada ya kuwapa wagonjwa wachache daftari la kawaida na kuona kama wanalijaza. Wasiojaza daftari kwa sababu hawaoni atakayelisoma hawatajaza app pia.

Ukichanganya njia, chanzo cha maneno kiwe kimoja. Nimeona kipimo cha dawa kikisahihishwa kwenye tovuti huku rekodi ya sauti ikiendelea kutaja kile cha zamani, kwa kuwa kurekodi upya kulihitaji bajeti mpya. Kila ujumbe uwe na namba yake, mwenye kuuidhinisha, na tarehe ya kupitiwa tena, na orodha hiyo ionyeshe kila mahali ujumbe huo unapotokea.

Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba unataja kwa maandishi: namba fupi ya meseji, kikoa cha tovuti na orodha ya waliojisajili ni mali ya taasisi ya afya, nani anasoma majibu ya wagonjwa mwishoni mwa wiki, na mradi ukifika mwisho, waliojisajili watajulishwa kwa njia gani, siku ngapi kabla, na waelekezwe wapi.